Saa Isiyoniuliza Hali

Saa niliyoletewa Krismasi na mtoto wa marehemu kaka yangu inaamini kwamba mimi ni mgonjwa. Inatetemeka mkononi, naitazama, inanikumbusha kunywa maji. Mimi, mkazi wa Mbita, ambaye nikitoka nyuma ya jikoni naliona Ziwa Victoria lote hadi Mfangano, nakumbushwa maji na kidude cha ukubwa wa kifuniko cha soda. Nikikaa chini ya mwembe na gazeti, inaniambia nimekaa mno, nisimame. Nikisimama kumfukuza mbuzi, inarusha fataki kwenye kioo na kunipongeza. Miaka yote niliyoshika chaki hakuna mkaguzi wa shule aliyenifuata namna hii, na wakaguzi wa enzi zile hawakuwa watu wa mchezo.

Kazi yake kubwa ni kuhesabu hatua, na hesabu zenyewe ningezipiga kalamu nyekundu. Nilipanda bodaboda kwenda matangani upande wa pili wa Rusinga, barabara ya mawe, mikono ikirukaruka njia nzima. Nilipofika ikaniambia nimetembea vya kutosha kwa siku hiyo, hongera. Kesho yake nikalima tangu alfajiri hadi jua likanishinda, na haikuandika hata hatua moja, kwa kuwa nilikuwa nimeivua isiingie udongo. Jioni ikanishauri nijitahidi.

Tena ina wasiwasi wa moyo. Niko kibandani natazama mpira, ikatetemeka: mapigo yako yamepanda na huonekani kufanya mazoezi. Ni kweli sikuwa nikifanya mazoezi. Nilikuwa natazama Gor Mahia wakilinda bao moja dakika za nyongeza. Mwaka 1987, Gor walipotoka sare na Espérance ya Tunisia pale Kasarani na kulibeba Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini, moyo wangu ulifanya mambo ambayo daktari asingependa kuyasikia. Mkononi nilikuwa na Seiko. Seiko ikaendelea na kazi yake, nami nikaendelea na yangu, na hakuna aliyemuuliza mwenzake hali.

Seiko hiyo ninayo hadi leo. Niliinunua Kisumu, Oginga Odinga Street, katika duka la Mhindi, kwa mshahara wangu wa kwanza wa ualimu, na baba yangu alininunia kwa muda mrefu maana alikuwa akitarajia ndama. Ni Seiko 5, ukoo wa saa ulioingia sokoni mwaka 1963 na ambao walimu, makarani na madereva wa mabasi wa kizazi changu waliuvaa kana kwamba ni sare ya kazi. Haina betri. Ndani mna chuma cha nusu duara kinachozunguka mkono unapotikisika, na kule kuzunguka ndiko kunakokaza springi. Ukiivua na kuiacha mezani, siku mbili haziishi, inasimama. Kwa hiyo hata yenyewe hunitaka nitembee, tena ni kali kuliko ile mpya. Tofauti yao ni adabu. Ile mpya inanihubiria. Seiko inasimama kimya, ikaniacha nione haya peke yangu.

Ina kituko kimoja. Dirishani huonyesha siku na tarehe, na siku zimeandikwa kwa lugha mbili, Kiingereza na Kiarabu, maana bila shaka ilikusudiwa soko la Uarabuni kabla ya kupotea njia na kufika Nyanza. Nikikosea kuirekebisha, Jumatano nzima inapita kwa Kiarabu, na mama watoto ananiuliza kama nimesilimu.

Lakini hoja yangu kubwa ni ya uso wake. Uso wa duara, namba 12, mishale. Sijui kwa nini wanaosifu saa za zamani husahau jambo hili, labda kwa sababu wengi wao hawasemi Kiswahili. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, Wazungu wanaanza usiku wa manane, tofauti ni saa sita, na saa sita ni nusu ya duara. Basi mshale mfupi ukiwa kwenye 7, wewe vuka moja kwa moja hadi ng'ambo: pana 1. Saa moja. Ukiwa kwenye 10, ng'ambo pana 4. Saa nne. Hakuna kutoa wala kujumlisha, ni jicho tu linavuka. Mswisi na Mjapani walitengeneza chombo kinachosoma Kiswahili bila wao kujua, na nilikifundishia darasani miaka na miaka: katika somo la Hisabati mtoto alisoma pale mshale ulipo, kipindi cha Kiswahili kikifika alisoma ng'ambo yake, na saa ilikuwa ileile moja ya ukutani.

Sasa mpe mtoto huyohuyo saa ya tarakimu inayoonyesha 19:00. Atoe sita, apate kumi na tatu, atoe tena kumi na mbili, apate moja. Amefika, lakini kwa kuzungukia Sindo. Hiyo ni jioni, na jioni kuna nafuu. Alfajiri, mashua za omena zinaporudi na kina mama wameshajipanga ufuoni na beseni, saa ile mpya inaandika 05:00. Mjukuu wangu alitoa sita akapata hasi moja. Alinijia na jibu hilo uso mkavu kabisa. Babu, ni saa hasi moja. Nikamvalisha Seiko, nikamwonyesha 5, nikamwambia avuke. Kumi na moja, akasema. Basi, kumi na moja alfajiri, nenda ukachukue samaki.

Kuna msomaji atakayesema saa za kisasa hazikosei majira. Sibishani naye. Seiko yangu ikipoteza nusu dakika kwa siku naiona ni siku njema. Gurudumu lake dogo hupiga mara 6 kwa sekunde, mara 21,600 kwa saa, na kitu kinachopigapiga hivyo miaka arobaini na zaidi kina haki ya kuchoka kidogo. Saa ya betri ina chembe ya kwazi inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, kwa hiyo kosa lake hugawanywa vipande vidogo hata halionekani. Na waliozileta sokoni ni haohao Seiko: tarehe 25 Desemba 1969, Tokyo, wakazindua Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwazi, kwa yeni 450,000, bei ya gari dogo wakati ule. Baadaye bei ikaporomoka, viwanda vya Uswisi vikafunga milango kwa wingi, na mwaka 1989 Casio wakatoa ile F-91W ya plastiki ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari angeweza kuivaa na betri yake ikamaliza naye shule, akafeli, akarudia, bado ikawa inatembea. Ile naiheshimu. Haikuwahi kutaka kujua habari za moyo wa mtu.

Swali langu ni hili: hiyo nusu dakika naiokoa ili niipeleke wapi? Ratiba ya mazishi huandikwa saa tatu asubuhi, mhubiri wa kwanza akashika kipaza sauti saa sita, na bado wanasiasa hawajafika. Matatu ya Homa Bay huondoka ikijaa. Wavuvi wa omena hawatazami saa bali mwezi: ukiwa mpevu, taa zao haziwavuti samaki, kwa hiyo wanalala nyumbani hata saa ikisema nini. Na jua lenyewe halikubaliani na mtu. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa longitudo ya 45, ambayo ipo huko Somalia. Sisi tuko kwenye ya 34 na kidogo. Maana yake, redio ikitangaza saa sita kamili mchana, jua la Mbita bado lina dakika kama arobaini kabla ya kufika utosini. Nchi nzima iko mbele ya jua langu kwa dakika arobaini, halafu nilaumiwe kwa sekunde thelathini! Isitoshe, hapo Rusinga ndipo Mary Leakey alipolifukua fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948. Limekadiriwa kuwa na miaka milioni 18 hivi. Hiyo "hivi" ina nafasi ya kuziingiza Seiko zote zilizowahi kutengenezwa na kuchelewa kwake kote.

Kinachoniuma zaidi kuhusu saa mpya ni tumbo lake. Stima ikipotea, na hupotea, inabidi niichukue hadi kwa kijana mwenye kibanda cha sola, niipange foleni pamoja na simu za wavuvi, nimlipe ili saa ipate kula. Seiko hula nikitembea kwenda kumlipa. Tena ile mpya haikubali kujitegemea: inataka simu iwe karibu, inataka barua pepe, inataka neno la siri lenye herufi kubwa na namba, na nikilisahau inakataa kunitambua huku imenishika mkono.

Ilipoanza kuzimika nikaipeleka kwa fundi wetu wa saa, mzee mwenzangu mwenye meza ya kioo kwenye varanda karibu na steji. Mtu huyu ana lenzi anayoibana jichoni, ana kisahani cha petroli cha kuoshea magurudumu, na ana debe la saa zilizokufa ambalo ndilo stoo yake ya vipuri. Ana masharti pia. Vijidudu vya ziwani vikipanda kutoka majini, lile wingu jeusi tunaloliona kwa mbali kama moshi, hafungui saa ya mtu hata ukimlipa mara mbili. Siku hiyo hewa ilikuwa safi. Akaigeuza ile saa mpya, akatafuta pa kuingilia, akaigonga kwa ukucha, akanirudishia.

"Mwalimu, imegandishwa kwa gundi. Hii siyo ya kufunguliwa."

"Na Seiko?"

"Seiko ina mfuniko wa kuzungusha. Hiyo nyingine ina akaunti."

Sitaki mtu afikiri kwamba kila chenye mishale nakipigia magoti. Siku ya soko hapa hupita vijana na mbao zilizotundikwa saa, na kwa mia tatu unarudi nyumbani na Rolex inayong'aa kiasi cha kuwaamsha kuku. Rangi ya dhahabu hubaki shingoni mwa mkono na saa yenyewe hubaki na rangi ya sufuria. Waganda walifanya busara kuipa jina hilo chapati iliyoviringishiwa mayai: angalau ya kwao ukishailipia unashiba.

Pasaka, yule kijana wangu wa Nairobi akarudi. Nilitayarisha maneno ya kumrudishia zawadi yake kwa heshima, maana ni mtoto mzuri na aliinunua ghali. Sikuyahitaji. Mkononi mwake palikuwa pameshaingia saa nyingine, ya duara, uso wa manjano uliofifia, mkanda wa ngozi uliochakaa.

"Ile ya kisasa umeiacha wapi?"

"Baba, hizo ndizo niligawa zote. Siku hizi watu ni vinteji."

Nikaelewa zawadi yangu ilitoka wapi.

Akanieleza kwa kirefu. Kwamba Nairobi vijana wanazitafuta saa za wazee, wanalipa pesa ambazo hakuzitaja mbele ya mama yake. Kwamba za zamani zina roho. Kwamba mikwaruzo isifutwe, ni historia. Mimi nina mikwaruzo ya kutosha kwenye Seiko yangu, mingi ya milango ya matatu, na hadi siku hiyo nilikuwa naiita mikwaruzo. Akaishika, akaigeuza, akaipiga picha na mandhari ya ziwa, akaniuliza kwa sauti ya upole mno kama nimeshafikiria itakuwa ya nani baadaye. Nilimwambia baadaye bado haijafika, na kwamba saa yangu huchelewa.

Kisha nikamuuliza saa ngapi. Akatoa simu mfukoni.

Yake ilikuwa imesimama. Imesimama saa nne na dakika kumi, mishale imepanua mikono juu, na alikuwa ameiweka hivyo makusudi, kwa sababu ndivyo saa zinavyowekwa kwenye matangazo ili zipendeze. Akajitetea kwamba hata saa iliyosimama husema kweli mara mbili kwa siku. Nikamwambia hapa kwetu ni mara nne, ukiisoma kwa Kiingereza na ukiisoma kwa Kiswahili cha mtu asiyejua kuvuka. Hakucheka. Nikamshika mkono tukaenda kwa fundi.

Fundi akabana lenzi, akafungua mfuniko wa nyuma, akanyamaza kidogo kwa heshima yangu. Ndani hamkuwa na springi, wala gurudumu la kwenda huku na huku, wala chuma cha nusu duara. Mlikuwa na plastiki nyeupe na betri.

"Mwalimu, huyu mzee ni wa juzi," akasema. "Uso wamempaka rangi ya chai. Anataka betri tu, mia moja."

Nikaingiza mkono mfukoni nilipe, kijana akanizuia. Hakutaka betri. Alisema ikianza kutembea mshale wa sekunde utarukaruka, tiki, tiki, badala ya kuteleza, na wenzake wa Nairobi watajua.