Mkutano wa Jua Dirma

Lambo la Dirma lilipobaki tope, wanyama waliitwa mkutanoni chini ya mgunga. Ajenda ilikuwa moja: paneli za sola za kuvuta maji kisimani. Mwenyekiti alikuwa Fisi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuchukua fomu ya kushindana naye.

Sungura, aliyeshuka kutoka Arusha na koti la kuazima, alifunua kitambaa na kutoa kioo kinachong'aa. "Waheshimiwa, nimewaletea kesho. Vioo vya pale Katesh vinanasa asilimia 20 tu ya jua. Hiki, 34. Bei yake ni mara nne."

Fisi alipiga makofi Sungura akiwa bado anasema. Alikwishapiga hesabu kwamba asilimia kumi yake katika bei ya mara nne inanona zaidi.

Bundi akaombwa athibitishe. Yeye ndiye mtaalamu wa jua, maana hulala mchana kutwa. Alieleza kwamba mwaka 1954 maabara ya Bell, Marekani, ilianza na asilimia 6. Mwaka 1961 Shockley na Queisser wakakokotoa kuwa kioo cha tabaka moja hakiwezi kuvuka kama asilimia 30. Na mwaka 2024 kampuni ya LONGi ya China ikaweka perovskaiti juu ya silikoni, ile ya vioo vya kawaida, zikawa tabaka mbili, ikafikia 34.6.

"Ila," akaongeza huku akisinzia, "kilikuwa kipande kidogo cha maabara. Na perovskaiti haielewani na unyevu wala joto. Silikoni nayo joto huipunguza nguvu, lakini hukaa juani miaka 25."

Sungura akakohoa.

"Mjukuu wangu," Kobe akauliza, "hiyo 34 inamfaa nini ng'ombe mwenye kiu?"

Sungura akajibu kwamba jua kali la saa sita huangusha kama wati 1,000 katika kila mita ya mraba. Kioo cha kawaida kitatoa 200, chake 340.

"Kumbe unatuuzia nafasi!" Kobe akasema. "Wapelekee wa Kariakoo wenye vipaa vidogo. Sisi tutaongeza vioo vya bei rahisi, nyika ipo."

Ng'ombe akainua pembe. "Nyika ipo, babu? Ndivyo walivyosema shirika la NAFCO walipokuja na ngano ya msaada wa Kanada. Ekari kama 100,000 za malisho ya wafugaji Wabarabaig zikaondoka hivyo hivyo."

Pakawa kimya, maana hilo halikuwa la hekaya. Kobe akakubali kosa la maneno lakini si la hesabu: vioo vya kisima kimoja havizidi zizi la ndama, na chini yake mbuzi hupata kivuli.

Aliyebaki ni Punda, ambaye haombwi maoni ila mgongo. "Mimi ndiye nibebaye. Paneli zimeshuka bei sana, kilichobaki ghali ni vyuma, nyaya, saruji na fundi. Vioo vikiwa vingi, na hivyo vyote huongezeka. Siku kioo cha Sungura kikizidi bei kidogo tu na kikakaa juani miaka 25, nitakuwa wa kwanza kukipigia kura. Leo ni mara nne. Nunueni vya Katesh, na fedha ya betri wekeni kwenye tangi; maji ya mchana hunywewa usiku."

Hoja ya Punda ikapita kwa tofauti ya kura chache.

Fisi hakununa. Alisimama, akalisifu Baraza kwa busara yake, kisha akatoa hoja ya pili: kwa kuwa teknolojia inakimbia, Mwenyekiti aende China kwa ziara ya mafunzo ya siku kumi na nne, posho itoke kwenye fungu la tangi. Sungura akaunga mkono. Bundi akaamka kuuliza kama mtaalamu huambatana na msafara.

Hiyo ilipita bila kupingwa.