Sifa za Koki ya Bafuni Inayovuja

Lucian alimsifu nzi, Synesius wa Cyrene akausifu upara, na mwaka 1511 Erasmus akachapisha kitabu kizima cha kuusifu upumbavu. Koki ya bafuni inayovuja haijapata msemaji wa hadhi hiyo. Watu huitaja kwa kunung'unika tu, tena wakiwa wamejifunga taulo, na wakishavaa nguo wanaisahau mpaka kesho yake asubuhi. Ni dhuluma. Jokofu hupumzika umeme ukikatika, feni huzimwa, hata mlinzi wa getini husinzia. Koki iliyochoka mpira wake hudondosha usiku na mchana, sikukuu na siku ya msiba, na haijawahi kudai posho.

Uanze ukarimu wake, kwa hesabu. Wauguzi huhesabu matone 20 ya dripu kwa mililita moja. Kwa kipimo hicho, koki inayotoa tone moja kila sekunde, yaani matone 86,400 kwa siku, hutoa lita nne na ushei. Kwa mwezi ni kama lita 130, ndoo kubwa sita na nusu. Kwa mwaka ni yuniti moja na nusu ya maji. Mwenye nyumba akizidisha na bei ya yuniti anaona hela yenyewe ni ya soda chache, anacheka, anarudi kulala. Hapo ndipo koki inapompata, kwa sababu haina nia ya kuishia kwenye tone moja. Maji yakishapata upenyo kati ya mpira na shaba huendelea kuulamba, na upenyo hupanuka. Tone huzaa uzi, uzi huzaa mchirizi, na siku bili inapokuja yule aliyecheka anakwenda kugombana na msoma mita.

Halafu nasaba yake. Tone linalodondoka katika bafu la Mombasa huenda limetoka chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, likasafiri kilomita zipatazo 220 kwenye bomba lililokamilika miaka ya 1950. La Dar es Salaam limevutwa kutoka mto Ruvu, likasafishwa kwa dawa, likasukumwa na mitambo mpaka mjini. Zanzibar, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyavuta maji ya chemchemi za nje ya mji hadi Mji Mkongwe, na mahamamu ya Hamamni yaliyojengwa enzi zake bado yamesimama, ingawa hakuna anayeoga humo siku hizi. Msafiri aliyetoka mbali kiasi hicho, akavuka nyika, matangi na mita, atazuiwaje na kipande cha mpira asimalizie hatua ya mwisho?

Wakati wa mgao ndipo sifa zake zinapong'aa. Mwishoni mwa 2022 mto Ruvu ulipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ikatangaza mgao, nyumba zisizo na simtanki zililala zikisikilizia bomba. Maji ya mgao hayapigi hodi. Huja saa tisa usiku, hutanguliwa na upepo unaokohoa kwenye mabomba, na huenda zake kabla ya alfajiri. Wenye koki nzima iliwabidi waiache wazi, ndoo chini yake, kisha waombe ndoo isijae wakiwa usingizini. Mwenye koki mbovu hakuhitaji kuacha chochote wazi. Tone la kwanza lilipogonga sakafu, mama mwenye nyumba alishasimama, ndoo mkononi, anawaamsha watoto.

Sauti hiyo ya tone imewatoa jasho wasomi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge wakiongozwa na Anurag Agarwal, ambaye kelele za paa linalovuja zilimkosesha usingizi alipokuwa mgeni nyumbani kwa rafiki yake Brazil, walilipiga picha tone kwa kamera ya kasi kubwa huku wakilirekodi kwa vipaza sauti vya juu na vya ndani ya maji. Wakakuta kwamba kishindo cha tone kugonga maji hakitoi sauti ya maana. Kinacholia ni kiputo kidogo cha hewa kinachonaswa chini ya uso wa maji: hutetemeka na kuutetemesha uso wenyewe, na mtetemo huo ndio unaofika sikioni. Dawa waliyoitaja ni sabuni kidogo ya kuoshea vyombo ndani ya ndoo, kiputo kisipate kuumbika. Akina mama wa Uswahilini wana yao ya zamani: hufunga uzi kwenye kichwa cha shawa, ncha ikafika ndani ya ndoo, na maji hushuka kimyakimya yakiufuata. Matokeo ni yaleyale, bila kamera.

Kabla ya hapo, mwaka 1984, Robert Shaw wa Santa Cruz, California, aliandika kitabu kizima juu ya bomba linalodondosha. Maji yakiwa kidogo, matone hufuatana kwa mwendo sawa. Ukiyaongeza taratibu, mwendo huvurugika, na muda kati ya tone na tone hautabiriki tena, japo hakuna aliyeigusa koki wala kutikisa bomba. Wanahisabati wakapata mfano wa vurugu yenye kanuni zake. Anayelala chumba cha jirani na bafu analijua jambo hilo kwa njia ya mateso: tone lenye mwendo sawa huzoeleka, lakini lile linalochelewa humfanya alisubiri.

Ugonjwa wenyewe, koki ikifunguliwa, ni mdogo mpaka aibu. Koki ya kuzungusha, ya aina ambayo kampuni ya Guest and Chrimes ya Rotherham, Uingereza, ilikuwa ikiitengeneza tangu miaka ya 1840, ina spindo ya shaba inayoshuka mshikio unapozungushwa. Kwenye ncha yake kuna washa, kipira chenye upana wa ukucha wa kidole gumba, ambacho hukalia tundu la maji. Basi. Kipira kikikakamaa au kikichanika, maji hupita. Tiba anayoijua baba mwenye nyumba ni kukaza. Leo anakaza kwa mkono, kesho kwa mikono miwili, keshokutwa kwa koleo, na kila akikaza ukingo wa shaba unazidi kuukata mpira. Baada ya miezi michache koki inavuja na bibi hawezi kuifungua, mambo mawili ambayo kabla ya hapo hayakuwahi kukutana.

Fundi bomba akifika hana papara. Kwanza anaifunga shawa, anasubiri. Shawa hubaki na maji kichwani baada ya kufungwa, na hayo hudondoka kwa dakika kadhaa bila koki kuwa na kosa. Mafundi wengi wameitwa kutibu koki nzima. Kama tone bado linakuja baada ya muda mrefu, analigusa kwa kidole: likiwa la vuguvugu, mgonjwa ni koki ya maji moto. Anafunga maji kwenye mita, anaifungua shawa bomba likauke, anaziba tundu la sakafuni kwa kitambaa skrubu isije ikatumbukia. Anabandua kile kifuniko chenye doa jekundu kwa ncha ya bisibisi. Nyumba ikitumia maji ya kisima cha pwani, mshikio unakuwa umegandwa na ukoko mweupe wa chumvi, na hapo huombwa ndimu au siki, iachwe kidogo ifanye kazi. Kisha spana, na kitambaa kingine kati ya spana na koki isichubuke. Spindo inatoka. Washa ina mfereji wa duara uliochimbwa na nguvu zote za baba mwenye nyumba.

Fundi anapitisha kidole kwenye kiti cha shaba mle ndani. Kikiwa laini, anaweka washa mpya na kazi imekwisha. Kikiwa na meno, mpira mpya utaliwa kama wa kwanza, hivyo atakisugua kwanza kwa kifaa chake mpaka kitulie. Asipokuwa na washa, wapo wanaoikata kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, au kwenye kisigino cha ndala kuukuu, na upande wa maji baridi hudumu kuliko unavyostahili. Ni kazi ya nusu saa, kama koki ya mita inakubali kufunga. Mara nyingi haikubali, kwa kuwa haijaguswa tangu nyumba ijengwe, na koki ya bafuni inastahili pongezi ya ziada kwa kumfichua mgonjwa huyo wa pili, ambaye angesubiri siku bomba litakapopasuka ndipo ajitambulishe.

Zipo koki za bafu zilizofichwa ukutani, nyuma ya vigae, kwa ajili ya urembo. Hizo zikivuja huandika barua. Rangi ya chumba cha pili hubabuka, plasta hututumka, na doa la unyevu hupanda taratibu nyuma ya kabati la nguo. Mjenzi aliyefunika bila kuacha kijidirisha cha kuifikia huwa ameshahamia mkoa mwingine, na fundi huanza kwa nyundo.

Wauzaji wa kisasa wanadai zama hizi zimepita. Koki mpya za mshikio mmoja hazina mpira wa kukalia tundu. Zina katriji yenye visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, na zikitunzwa hukaa miaka mingi bila kudondosha. Msifuji wa kweli haziamini. Mchanga kidogo ukipita baada ya mgao hukwaruza kauri, na katriji haikatwi kwenye ndala. Lazima ipatikane yenye kipimo kilekile, meno yaleyale, urefu uleule. Mwenye nyumba huifunga kwenye karatasi, akapanda daladala mpaka Kariakoo, akaingia duka la kwanza, la pili, la tano. Muuzaji huigeuzageuza kwenye mwanga, huhesabu meno, huilinganisha na nyingine tatu kutoka kwenye boksi, kisha humrudishia. "Hii haipo, kaka. Chukua koki nzima."