Mchezaji Asiye na Video

Hapa Kalemie, ukiuliza nani mchezaji bora wa TP Mazembe wa nyakati zote, njoo na kiti chako. Kijana atakuletea Trésor Mputu. Mzee atamjibu kwa Pierre Kalala, na hapo kijana kwisha, maana Kalala hana video. Mchezaji asiye na video hakosi bao. Tena kila mwaka mabao yake yanazaana, na siku hizi mengine anayafunga kutoka katikati ya uwanja. Ukimkumbusha papa huyo kwamba kombe la klabu za Afrika la 1967 lilikuja baada ya sare mbili na Asante Kotoko, kisha Waghana wasitokee mechi ya tatu, atakwambia: "Walimwogopa Kalala, mwanangu."

Mputu naye ana lake. Mwaka 2010, Mazembe ilipoichapa Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi, yeye alikuwa amefungiwa na FIFA. Sifa akazizoa kipa Kidiaba, aliyeshangilia kwa kurukaruka juu ya makalio. Papa kamkataa papo hapo: kipa gani anajulikana kwa makalio? Enzi zao, anasema, Lubumbashi, kwao Mazembe, kulikuwa na adabu.

Lubumbashi yenyewe, ukimbana, hajawahi kufika.