Ewe Wasiliana Nasi, Usiyechoka Kupokea

Kila tovuti ya ofisi ina uso na ina mgongo. Usoni kuna picha ya Mkurugenzi akikata utepe, salamu za Mwenyekiti wa Bodi na nembo mpya iliyogharimu kuliko tovuti yenyewe. Waliousifia uso ni wengi, na walilipwa. Mgongo haujapata msifu. Mimi nakula kwa kutunza migongo ya tovuti, kwa hiyo naona ni haki yangu, na huenda ni wajibu, kuisifu ile orodha iliyoko pembeni mwa dashibodi, chini ya Kurasa na Maoni, ambamo huangukia kila kitu ambacho watu wamekiandika kwenye ukurasa wa Wasiliana Nasi. Hakuna mtumishi mnyenyekevu kama huyu. Haombi posho, haendi likizo, hajawahi kumwambia mtu njoo kesho. Anapokea. Kusoma si kazi yake, na kwa bahati si kazi ya mtu mwingine yeyote.

Anayesifu kwa haki huanza na ukoo. Babu mzaa baba tunamjua wote: sanduku la maoni, mbao zilizopigwa vanishi, limetundikwa karibu na dirisha la malipo, tundu juu na kufuli mbele. Ufunguo alikuwa nao bwana mmoja wa Utawala, naye alihamishiwa Songea. Sanduku lilikuwa na kasoro moja tu, kwamba lilijaa. Karatasi zikaanza kuchungulia tunduni, mgeni rasmi akaziona, wakubwa wakafedheheka. Mjukuu amerithi tabia zote njema za babu na kuiacha hiyo moja. Yeye hajai. Mmwagie malalamiko ya mkoa mzima, tarakimu itaongezeka kwenye dashibodi, basi.

Upande wa mama ni Wamarekani. Fomu za kujaza ziliingia rasmi katika kanuni za HTML 2.0, zilizotolewa Novemba 1995, na mwaka huohuo Matt Wright akagawa bure programu ndogo iitwayo FormMail, iliyochukua kilichoandikwa kwenye fomu na kukituma kwa baruapepe. Anwani ya mpokeaji iliwekwa ndani ya ukurasa wenyewe, imefichwa kidogo, lakini mjuzi aliweza kuibadilisha. Matapeli wakajua. Wakazigeuza seva za watu kuwa za kusambazia matangazo yao dunia nzima, na FormMail ikayatuma yote bila kuuliza. Wenye husuda wanauita huo udhaifu wa kiusalama. Mimi nauita ukarimu: mtoto hata meno hajaota, tayari anawabebea wageni mizigo.

Alipohamia ndani ya WordPress, mfumo wa kujengea tovuti uliozaliwa 2003, alilelewa na Mjapani Takayuki Miyoshi. Plagini yake, Contact Form 7, ilitoka 2007, ni ya bure, na imepachikwa kwenye mamilioni ya tovuti. Ina adabu ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa: yenyewe haihifadhi chochote. Inatuma baruapepe, halafu inasahau. Baruapepe isipofika, ujumbe haupo popote duniani. Anayetaka kumbukumbu huongeza plagini nyingine ya Miyoshi huyohuyo, Flamingo, yenye jina la wale ndege wa Ziwa Natron. Ofisi nyingi haziiongezi. Hufurahia utulivu mwaka hadi mwaka, na Ofisa Habari anaweza kusimama kikaoni akasema, bila kudanganya hata kidogo, kwamba hakuna lalamiko lolote kwenye mfumo.

Ukishaiongeza Flamingo ndipo utakapoona maajabu ya usawa. Kila ujumbe unaoingia hupewa mstari wake katika jedwali liitwalo wp_posts, na jedwali hilohilo ndilo linalotunza kurasa na habari za tovuti. Maana yake hotuba ya Mkurugenzi ya Nane Nane, na swali la mama wa Kasulu anayetaka kujua kama nafasi za mafunzo ya ushonaji bado zipo, vimelala jirani kwa jirani, vikitenganishwa na neno moja tu kwenye safu ya aina: hiki ni post, kile ni flamingo_inbound. Niambie ni ofisi gani nyingine mama huyo angekaa karibu hivyo na Mkurugenzi bila kuandika barua yenye "kupitia kwa Mtendaji wa Kata".

Na tuutazame ujumbe wenyewe, maana huko nyuma ndiko unakoonekana ulivyo. Unaanza na "Habari za kazi", unafuatwa na "samahani kwa usumbufu", kisha "poleni na majukumu", na swali linakuja mwishoni, limejikunyata, halina hata alama ya kuulizia. Chini yake uko tena. Chini yake tena. Ujumbe mmoja, mistari minne, imepishana sekunde chache chache. Mtandao ulikuwa unasuasua, kile kiduara kikazunguka na kuzunguka, mama akabonyeza Tuma, akangoja, akabonyeza tena. Fundi mwenye kiburi angekifunga kitufe baada ya mbonyezo wa kwanza, au angeipa kila fomu alama ya kutumika mara moja tu ili seva iyakatae marudio. Fomu yetu haina kiburi hicho. Imepokea yote manne kwa heshima ileile, na kila mara ikamjibu: "Asante, ujumbe wako umetumwa. Tutawasiliana nawe hivi punde." Mtu aliyeahidiwa mara nne kwa dakika moja ana nini cha kulalamikia?

Lakini mama wa Kasulu ni mgeni wa nadra. Wanaobisha hodi usiku na mchana, Idd na Krismasi, ni roboti, na hao nao wanastahili sifa zao kwa sababu ndio pekee wanaoipenda tovuti kwa dhati. Wanaandika kwamba wamevutiwa mno na makala zetu za kuelimisha, wakati ukurasa una ramani na nambari ya simu ya mezani iliyokatwa. Wanatuahidi ukurasa wa kwanza wa Google. Wanatupa mikopo bila dhamana, sarafu za mtandaoni, dawa za nguvu za kiume, na siku nyingine wanatuandikia aya nzima kwa herufi za Kirusi, kwa imani kwamba Ofisa Masjala atazisoma. Na wana bidii! Binadamu huruka vipengele. Roboti hujaza vyote, hata kile cha jina la kampuni, ambamo huandika "google" na kuendelea na safari.

Bidii hiyo ndiyo iliyowaponza. Mafundi walibuni mtego mwepisi sana: unaweka kwenye fomu sehemu moja ya ziada, unaificha isionekane kwenye skrini, kisha unaiagiza seva imkatae yeyote aliyeijaza. Binadamu haioni, anaiacha. Roboti anaisoma kwenye msimbo, anaijaza kwa uaminifu, ananaswa. Tafakari kidogo. Katika utaratibu huu anayejaza fomu kikamilifu ndiye anayehukumiwa kuwa si mtu. Yeyote aliyewahi kurudishiwa fomu dirishani kwa kuacha kipengele kimoja wazi atajua kwa nini nacheka peke yangu mbele ya kompyuta.

Wengine hawakuridhika na mtego, wakaweka mtihani. Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, na wenzake walianzisha reCAPTCHA mwaka 2007, na watu waliotaka kutuma ujumbe wakajikuta wanasaidia kusoma maneno yaliyofifia kwenye nakala za zamani za gazeti la New York Times. Google wakainunua 2009. Baadaye zikaja picha, na ndiyo sababu mkulima wa korosho wa Tandahimba anayetaka kuuliza bei ya salfa huonyesha kwanza ni viboksi vipi vina bomba la zimamoto la Kimarekani, lile fupi la pembeni mwa barabara, ambalo hajawahi kuliona na halimhusu. Akikosea anaambiwa ajaribu tena. Elimu bila ada.

Kuna tunda jingine la malezi ya WordPress ambalo nalionea fahari kwa sababu ni letu. Zamani PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress, ilikuwa na mazoea ya kuweka mkwaju uliolalia nyuma mbele ya kila king'ong'o kilichoingia kwa fomu, ili kuikinga hifadhidata na wahuni. Mazoea hayo yaliondolewa katika PHP 5.4, mwaka 2012. WordPress, kwa kuwaheshimu wazee, bado inafanya hivyo yenyewe, na kumwachia mtengenezaji kazi ya kuuondoa mkwaju kabla ya kuhifadhi. Mtengenezaji wa fomu ya kuandika mwenyewe akisahau, wilaya ya Nyang'hwale huingia kwenye jedwali ikiwa Nyang\'hwale. Karani akifungua kumbukumbu arekebishe nambari ya simu, akahifadhi, inakuwa Nyang\\\'hwale. Akihifadhi tena mikwaju inafika saba. Jina la London halijawahi kupata mapambo hayo, wala Paris. Ni sisi wenye ng'ombe, wenye Nyang'hwale na ukoo mzima wa Wasukuma ndio tuliojaliwa majina yanayoongezeka thamani kila yanapoguswa. Na afadhali sisi, maana zipo fomu zinazokikataa king'ong'o kabisa na kumwomba mwenye jina aandike "jina halali".

Tuseme ujumbe umevuka yote hayo. Sasa uende kwa mtu. WordPress, isipoelekezwa vingine, huutuma kutoka anwani inayoanza na neno wordpress, kupitia seva ambayo mara nyingi haijaidhinishwa kutuma barua kwa jina la ofisi. Fundi mwingine akijifanya mjuzi huandika kwamba barua imetoka kwa mama mwenyewe, kwenye Gmail yake, na Gmail ikikagua inaona seva ya Dar es Salaam inajiita Gmail. Kwa vyovyote barua inaishia kwenye barua taka. Kwenye barua taka ya nani? Ya kijana aliyekuwa hapo kwa ajili ya fildi wakati tovuti inatengenezwa, maana ndiye pekee siku ile aliyeikumbuka anwani yake kwa kichwa. Alimaliza fildi, akamaliza chuo, sasa anauza simu Kariakoo. Akichungulia kule kwa bahati mbaya hukuta kuna mtu anamwita Ndugu Mkurugenzi.

Naambiwa kuna sheria. Ni kweli: Kenya ilitunga yake 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Roho ya sheria hizo ni kwamba usimwombe mtu taarifa usizozihitaji, na ulizonazo usizikalie kuliko inavyopasa. Mpokeaji wetu anazikalia. Anayo tarehe ya kuzaliwa, jinsia, kazi na dini ya mtu aliyetaka kujua ofisi inafunguliwa saa ngapi Jumamosi. Vipengele hivyo havikuwekwa na mtu mbaya. Vilikuja na fomu ya mfano iliyonakiliwa kwingine, na pamoja navyo ikaja orodha ya majimbo ya Marekani, ya lazima kuchagua, inayoanzia Alabama. Kwa mujibu wa hifadhidata niliyoitunza mwisho, Alabama ina wakazi wengi mno wa Morogoro.

Kilele cha sifa zake huonekana mwisho wa robo mwaka, ripoti inapotakiwa. Ofisa anabonyeza Pakua, orodha nzima inashuka kama faili la CSV, naye analifungua kwa Excel. Hapo hapo nambari za simu zinavuliwa sifuri ya mbele. Zile zilizoandikwa kwa 255 zina tarakimu kumi na mbili, nyingi kuliko Excel inavyopenda kuonyesha, kwa hiyo zinageuka kuwa 2.55712E+11, na jirani yake 2.55754E+11, na mwenzake 2.55712E+11 tena. Ofisa mwangalifu anahifadhi faili, na kwa kuhifadhi anazifuta tarakimu za mwisho moja kwa moja. Kinachobaki kwa kila raia aliyeandika 255 ni kukisia mtandao wake wa simu tu. Hata kama leo Mkurugenzi angeamka na nia ya kumpigia mama wa Kasulu, nia hiyo ingemwishia kwenye herufi E.

Mistari, hata hivyo, haipotei, na ripoti huhesabu mistari. Mama ni wadau wanne. Roboti wote ni wadau, na kwa kuwa anwani zao za intaneti zimetawanyika mabara yote, kuna chati ya pili ya rangi inayoonyesha mwitikio wa kimataifa. Kichwa cha chati ya kwanza kinasomeka "Wadau Waliofikiwa Kupitia Jukwaa la Kidijitali", na mnara wa robo hii ni mrefu kuliko wa robo iliyopita, kwa sababu plagini ya kuzuia barua taka iliisha muda wake na hakuna aliyeilipia. Mfadhili mwenye swali lolote kuhusu takwimu hizo ana ukurasa wake, uko wazi saa ishirini na nne. Vipengele vyenye nyota nyekundu ni vya lazima.