Ali Yupi?

Mtu akifika Chake Chake akauliza nyumba ya Ali, hapewi jibu. Anapewa swali. "Ali yupi? Ali mshona kofia, au Ali yule aliyeoa Vitongoji?" Mpaka maulizo yamalizike, mgeni ameshavutiwa kiti, ameshaletewa maji, na ameshahadithiwa ukoo wa watu ambao hakuwaulizia wala hana haja nao. Kisha anaitwa mtoto, anampeleka mpaka mlangoni. Huo ndio utafutaji niliolelewa nao mie. Siku hizi natafuta watu ndani ya dirisha jeusi la kompyuta, dukani kwangu mwenyewe, na dirisha hilo halijawahi kuniuliza Ali yupi.

Nina steshenari. Fotokopi, picha za vitambulisho, kuchapa barua za maombi ya kazi, na kadi za arusi msimu ukifika. Hizo ndizo kazi zilizoandikwa kwenye kibao cha nje. Kazi yenyewe hasa ni kukopesha. Fotokopi za madrasa ni za mkopo, mitihani ya majaribio ya skuli ni ya mkopo, na kadi za arusi hulipwa bibi harusi akishazaa. Kila mdeni ana ahadi moja tu: karafuu. Akishachuma, akishaanika, akishapima ZSTC, kwa wale wanunuzi wa karafuu wa serikali, atakuja. Kwa hiyo daftari langu la madeni ni zito kuliko mashine ya fotokopi.

Zamani daftari lilikuwa la karatasi. Baadaye likahamia kwenye kompyuta, na huko likakutana na flashi za wateja, zile zenye virusi vya kuficha mafaili na kukuachia vivuli vyake. Mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta Unguja. Alipokuja likizo akasikitika, akafagia kila kitu, akaweka Linux. Daftari akaligeuza faili la maandishi matupu, deni moja mstari mmoja, likaitwa daftari.txt. "Mjomba, hili halifi." Kutafuta je? "Andika grep, kisha neno, kisha jina la faili. Basi." Akapanda boti, akaniacha na hilo basi lake.

Nikaanza na Ali, kwa kuwa Ali ananidai aibu na mie namdai pesa. Nikaandika grep Ali daftari.txt. Wakaja wengi! Ali mwenyewe alikuwamo, lakini kwa grep kila penye herufi hizo tatu kwa mpangilio huo ni Ali. "Alisema atapita Ijumaa" naye ni Ali. "Alikuja usiku duka limefungwa," Ali. Na mkubwa wao wote, anayeongoza kwa mistari, ni Aliahidi. Huyo ana deni nusu ya kisiwa.

Nikapiga simu Unguja. Shikamoo, marahaba, hali ya huko, kisha: "Mjomba, weka -w, ataleta neno zima tu." Sawa, Aliahidi akatoweka. Lakini mbona hakuniambia mwanzo? "Imeandikwa kwenye man." Hili nitalirudia, maana ndipo penye donda.

Kwanza niseme habari ya kulipa. Nilitaka kitu chepesi kabisa: nani kalipa, nani hajalipa. Nikatafuta lipa. Mashine ikanimwagia daftari karibu zima. Amelipa yumo, hajalipa yumo, atalipa yumo, na aliyeapa kwa jina la marehemu baba yake kwamba hatalipa naye yumo, tena juu. Kwetu mlipaji na mkaidi wana mkia mmoja. Tofauti yao iko kichwani mwa neno. Mtu yeyote aliyewahi kufungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo watu wanayo tangu 1981, anajua kwamba wamemlipa haitafutwi kwenye W. Unalimenya neno mpaka ufike kwenye lipa. Sasa grep haimenyi kitu. Inalinganisha herufi kwa herufi, ikipata inaonyesha, isipopata inanyamaza, na inafanya hivyo kwa kasi ya kutia hasira.

Nikasema vyema, nitaandika amelipa. Wakatoka wachache, wote wa zamani. Nikatazama tarehe, nikaanza kuamini kwamba mji mzima umenigomea. Kumbe binti anayenisaidia dukani, mtoto wa hapahapa, anaandika kama anavyosema. Hajui amelipa, kwake ni kalipa. Mistari yake yote: "kalipa", "kalipa", "kalipa, kaacha salamu". Wateja wamelipa kwa Kipemba na mie nawatafuta kwa Kiswahili cha redioni.

Dawa yake ipo, tena nzuri: grep -E '(ame|ka)lipa' daftari.txt. Yaani leta penye ame au ka, kisha lipa. Ukitaka wadaiwa unaongeza -v, inakupa mistari yote isiyokuwa na hayo. Siku niliyoona -v ikifanya kazi nilinyamaza kidogo kwa heshima. Lakini tazama nilivyoipata: kwa simu, kwa vocha yangu, kutoka ng'ambo ya bahari. Mashine yenyewe, niliyokaa mbele yake, haikunong'ona.

Tena msidhani sikuiomba. Niliandika help, kama mtu aliyesoma. Ikanipa orodha ndefu ya amri nisizozihitaji. Nikaandika help grep. Ikasema haina mada hiyo, kisha ikanishauri nijaribu help help. Wallahi ndivyo ilivyoandika. Nimeomba msaada, nimeambiwa kwanza niombe msaada wa kuomba msaada.

Ikanitajia na man. Haya, man grep ikafunguka: ukurasa mrefu kama hotuba ya ufunguzi, Kiingereza kitupu, na kutoka ndani yake kunahitaji kubonyeza q, jambo ambalo unalijua baada ya kubonyeza vitufe vingine vyote. Nikajifunza: msaada uko man. Siku nyingine nikataka kujua habari za cd, ile amri ya kuhama folda. Man cd ikajibu haina ukurasa wa kitu hicho. Nikajaribu help cd. Ikafunguka! Kwa grep, help inakataa na man inakubali. Kwa cd, man inakataa na help inakubali. Mpwa akanieleza sababu: cd imo ndani ya programu inayopokea amri, na grep ni programu nyingine inayojitegemea, kwa hiyo kila moja ina mahali pake pa maelezo. Sababu nimeielewa. Ila mie nilikuwa naomba msaada, na mwombaji hapaswi kujua kwanza nani mtoto wa nyumbani na nani wa jirani.

Kwa asiyejua hata jina la amri iko man -k. Hiyo unaipa neno, inakutafutia kurasa zinazohusika. Nikaipa tafuta. Ikanijibu kwa Kiingereza: tafuta, nothing appropriate. Yaani hakuna linalofaa. Nikaipa neno la Kiingereza la kuchapisha, nikiwa na shida ya printa yangu inayokunja karatasi. Likaja kundi la amri nyingi kweli, na grep yenyewe imo, maana kwa wale jamaa kuonyesha mistari kwenye kioo nako huitwa kuchapisha. Printa yangu haikutajwa. Inaendelea kukunja.

Kinachonishangaza ni kwamba waliotengeneza vitu hivi hawakuwa watu wachoyo. Kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix, mfumo zilikotoka amri hizi, walichokitoa Ken Thompson na Dennis Ritchie kule Bell Labs tarehe 3 Novemba 1971, kilikuwa na sehemu ya kutaja kasoro za kila amri. Desturi hiyo ipo mpaka leo. Mwisho wa man grep mashine inakiri kwamba baadhi ya utafutaji wake unaweza kuwa wa polepole mno. Nimenunua feni, pasi na majiko ya gesi maisha yangu yote, sijaona hata karatasi moja ndani ya boksi inayokiri kasoro. Hilo nawapa.

Na grep yenyewe imezaliwa kwa kumfanyia mtu hisani. Brian Kernighan, aliyekuwa nao hapo Bell Labs, anasimulia kwamba mwenzao Lee McMahon alikuwa anazichambua makala 85 za kisiasa za Marekani, zile za 1787 na 1788 zilizotoka kwa jina la kubuni, ajue ipi kaandika nani. Faili lilikuwa kubwa, programu yao ya kuhariri ikashindwa kulibeba. Thompson akakichomoa kipande cha kutafuta ndani ya programu hiyo, akakifanya amri pekee, na mwaka 1973 kikawa tayari kimo ndani ya Unix. McMahon alitaka kujua nani kaandika, mie nataka kujua nani kalipa. Tofauti ni kwamba yeye mwenye mashine alikuwa chumba cha pili, na wala hakuwa na Moh'd katika makala zake.

Moh'd! Nusu ya wateja wangu wanaandika Mohammed hivyo, kwa ritifaa, kile kikoma kinachoning'inia. Andika grep Moh'd daftari.txt ubonyeze Enter. Hakuna jibu, hakuna kosa. Kinatokea kishale kimoja, > tu, kimekaa. Ukibonyeza tena, kinakuja kishale cha pili chini ya cha kwanza. Kwa mashine ule mkia ni mwanzo wa nukuu, na inakusubiri uifunge. Itasubiri mpaka karafuu. Kisiwa chenye Ng'ombeni na Ng'wachani, zote za wilaya ya Mkoani, kinatakaje kukaa na mashine ya namna hii? Unatoka kwa Ctrl na C, kisha unalizungushia neno alama mbili za kunukuu. Hata hapo bado, kwa sababu wengine wananitumia majina kwa WhatsApp na mkia wao umepinda, wangu umenyooka, na kwa grep hizo ni herufi mbili tofauti. Ndiyo maana siku hizi naandika "Moh.d", nukta ikiwa na maana ya alama yoyote ile. Nilifurahi kuijua. Ilinigharimu vocha.

Mkoani wenyewe nao una kesi yake, maana ukiutafuta mji kwa -i, ili isijali herufi kubwa, unaletewa na kila barua iliyopelekwa mkoani. Na kwa -i hiyohiyo ukitafuta Chake, utaletewa kitambulisho chake, cheti chake na chombo chake. Kiuyu sisemi, iko ya Minungwini na iko ya Mbuyuni, na watu wa zote mbili wananidai fotokopi nzuri zaidi kabla ya kulipa zile mbaya.

Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijitahidi. Desemba 2004 walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili, bure. Dirisha jeusi halikufikiwa. Huko bado ni lugha ya Thompson, na unyamavu wake.

Juzi mpwa kanisikia kwenye simu nalalamika kwamba mistari ya binti ni mirefu mno, ina salamu na habari za mvua, akanitumia amri mpya yenye -o. Hiyo inaonyesha kile kipande tu kilicholingana, mwengine wote inaukata. Kioo kikawa kisafi, kila mstari unaishia kwenye kalipa. Nimekaa naufurahia usafi huo, mzee mmoja wa Ng'ombeni kaegemea kaunta, kavaa miwani, kasoma jina lake kwa sauti: fotokopi za madrasa, kalipa. Mie naujua mstari ule ulivyo kamili. Unasema "kalipa nusu, nyengine karafuu zikianza". Nusu na karafuu zote zimekatwa.

"Ahsante sana kijana," kasema, "basi nipe na risiti."