Wiki ya Ngazi na Tochi

Jumatatu
Konda wa daladala amekataa kupakia ngazi mpaka niilipie nauli ya watu wawili. Nimekodi bajaji hadi Goba, ngazi imechomoza nyuma. Nyumba ninayoikagua kwa niaba ya mnunuzi imefungwa. Dalali anasema ufunguo anao shemeji wa mwenye nyumba, na shemeji yuko Chalinze.

Nimekagua nje. Rangi imevimba na kubanduka hadi usawa wa goti. Ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe. Ni chumvi. Hapa Dar huletwa na mchanga usiooshwa au maji ya kisima yenye chumvi, na pasipolazwa nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, hupanda na maji ukutani. Kupaka rangi upya hakuitibu. Kwenye kona ya dirisha la sebule kuna ufa wa mshazari unaoelekea chini. Nimetia alama za penseli kwenye ncha zake mbili, nikaandika tarehe, nikapiga picha.

Jumanne
Ufunguo umefika saa saba mchana. Umeme hakuna, yuniti zimeisha. Dalali amenitajia namba ya mita, nimenunua umeme wa shilingi 2,000. Tarakimu zote 20 zimekataliwa: namba ilikuwa ya mita ya jirani. Jirani ameziingiza kwake, ameshukuru. Nimenunua tena kwa namba niliyoisoma mwenyewe ukutani.

Soketi zote zina moto. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, unashuka nyuma ya nyumba, kisha unaishia hewani, kiganja kimoja juu ya ardhi. Umekatwa, na fimbo ya shaba haipo. Jokofu likipata hitilafu katika nyumba hii, umeme utatafuta njia ya kwenda ardhini kupitia mwili wa atakayelishika, na wanaofungua jokofu kila saa ni watoto. Hili nimeliweka ukurasa wa kwanza wa ripoti, juu ya mengine yote. Fundi wa umeme aliyesajiliwa alirekebishe kabla hata godoro halijaingia.

Jumatano
Hakuna tundu la kupandia darini, na mwenye nyumba hataki jipsam yake ikatwe. Nimepandia nje na kufungua ubao wa ukingo wa paa. Ndani mlikuwa na nyigu. Wameniuma sikioni na kwenye kope.

Kwa jicho lililobaki nimeona kenchi za mbao 2 kwa 2 mahali pa 2 kwa 4. Mbao hazina dalili ya dawa, na mchwa wameshapandisha njia zao za udongo hadi juu ya chumba cha watoto.

Alhamisi
Ufa umezibwa na kupakwa rangi, pamoja na alama zangu. Mwenye nyumba ameniuliza, "Ufa upi, fundi?" Nimemwonyesha picha. Rangi ilikuwa bado mbichi, imebaki kwenye shati.

Kama ufa huo ni wa msingi kutitia au la, si mimi wa kuamua. Nimeandika aitwe mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi. Tangu ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, watu huniuliza sana kuhusu maghorofa. Nyumba ya chini, ambamo wengi wetu tunalala, hawaiulizii.

Mchana tumefungulia mabomba yote. Maji yamerudi bafuni na kuingia kwenye viatu vyangu. Mifuniko ya chemba imefunikwa na pevingi mpya.

Ijumaa
Mteja yuko Muscat, amefanya kazi huko miaka mingi. Dada yake mkubwa ndiye aliyeniita. Nimempa shikamoo, nikamsomea ripoti kurasa zote. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mdogo wangu alishaanza kutafuta fedha ya kutanguliza." Dalali hapokei simu yangu. Mwenye nyumba amepiga na kuniambia ninaharibu riziki za watu.

Sijakataza mtu kununua. Nimesema bei ishuke kwa gharama ya paa, ethi na mfumo wa maji taka, na mhandisi aseme neno lake kwanza.

Wewe unayetafuta nyumba, usitoe hata arubuni kabla umeme haujawashwa, mabomba hayajafunguliwa na darini hapajamulikwa tochi. Muuzaji akikataa hayo matatu, tafuta nyumba nyingine.