Vidole Visivyosomeka

Fedheha ya kwanza inayompata mwombaji wa viza ya ndoa ya Marekani kutoka Tabaka ni kuambiwa, mbele ya foleni nzima, kwamba hana vidole. Anavyo kumi. Vimenyooshwa juu ya meza, vimepakwa wino mweusi hadi kwenye kucha, na karani ameviviringisha kimoja kimoja kwenye fomu ya C24, ile ya kuombea cheti cha maadili mema. Kilichobaki karatasini ni madoa kumi laini kama mbegu za maharagwe. "Mama, hii mikono umeifanya nini?" karani huuliza, na foleni huinama itazame.

Ameifanyia kazi. Tabaka, huko Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii, ndiko yanakochimbwa yale mawe laini yanayouzwa kwa watalii. Wanaume huchimba na kuchonga. Kusugua, kwa kawaida, ni kazi ya wanawake. Kiboko aliyechongwa hutumbukizwa kwenye beseni la maji na kupigwa msasa, kwanza wa chembe kubwa, kisha wa chembe ndogo, ndipo apakwe nta ang'ae. Msasa hauchagui. Hulainisha kiboko na ncha za vidole vinavyomshika kwa pamoja. Kiboko huyo hufika Minneapolis bila mtu kumuuliza maadili yake.

Michirizi ya vidole haipotei moja kwa moja. Huumbika mtoto akiwa tumboni, na mzizi wake uko chini ya ngozi ya juu. Ngozi ikilika, michirizi huchipuka upya baada ya wiki kadhaa, kwa mchoro wa awali. Aliyeiingiza katika kazi za ofisi alikuwa William Herschel, mtawala Mwingereza huko Bengal, aliyemtaka mkandarasi mmoja atie alama ya kiganja kwenye mkataba mwaka 1858. Miongo kadhaa baadaye, hukohuko Bengal, wasaidizi wa mkuu wa polisi Edward Henry, yaani Azizul Haque na Hem Chandra Bose, walitatua tatizo kubwa zaidi: fomu maelfu zipangwe vipi hata moja ionekane bila kufungua kabati zote? Wakatazama maumbo matatu, yaani vitanzi, matao na mizunguko. Vidole hupewa namba na kugawanywa jozi tano. Mzunguko katika jozi ya kwanza hupewa 16, ya pili 8, kisha 4, 2 na 1. Kidole kisicho na mzunguko hupata sifuri. Jumla ya vidole vya shufwa na jumla ya vile vya witiri, kila moja ikiongezwa 1, hutoa mafungu 32 mara 32, yaani 1,024. Binadamu yeyote ana fungu lake. Scotland Yard waliupokea mfumo huo mwaka 1901 ukiwa na jina la Henry, ingawa waliokesha na hesabu ni wale wawili. Hata asiye na mzunguko wowote huwekwa fungu la 1 juu ya 1. Msugua mawe hana pa kuwekwa.

Kenya haikuchelewa. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipigwa alama za vidole kwenye kipande, akakitia katika kibweta cha chuma na kukivaa shingoni. Mgusii, mwenyeji wa Kisii, aliyekwenda kuchuma chai Kericho hakuweza kuondoka kwa mwajiri bila sahihi kwenye kipande hicho. Mzee alipigwa alama ili asiondoke. Kitukuu wake analipa Sh1,050 apigwe alama ili aondoke. Hapo mzaha hukauka kidogo. Jasho lililomlea mtu katika maadili ndilo lililomfutia ushahidi wake, na fomu haina mahali pa kuandika hivyo.

Dawa ya vidole visivyosomeka ni kupumzisha mikono hadi michirizi irudi. Ushauri huo hutolewa na watu wasiowahi kuolewa Nyamira, kaunti jirani. Huko, kwenye vilima vya chai, mke mgeni hupimwa kwa mikono: achume chai asubuhi, amenye ndizi, achambue mboga za chinsaga, asugue sufuria kwa majivu. Sasa mke aliyetoka Tabaka ameketi kivulini, mikono imepakwa mafuta na kuvikwa soksi. Baada ya siku chache mama mkwe anauliza kama ni mgonjwa. Kisha jirani anauliza kama ni mjamzito. Mwishowe sokoni inasemwa kwamba msichana wa Tabaka ameharibiwa na dola, kwani mumewe, ambaye huko Minnesota hutunza wazee usiku kucha, ameonekana akiosha vyombo vya mamake. Cheti cha maadili mema hugharimu maadili mema yaliyokuwepo.

Mume huyo yuko nyumbani kwa sababu ni vigumu mke kupata viza ya kumfuata hata kwa wiki mbili. Sheria ya Marekani humhesabu mwombaji wa viza ya matembezi kuwa ana nia ya kuhamia hadi athibitishe vinginevyo, na aliyekwisha kuombewa na mumewe ametangaza nia hiyo kwa maandishi. Kwa kawaida ombi la kukaa huziba mlango wa kutembea. Basi mume ndiye hugawanya likizo yake kati ya nchi mbili, huku faili likizunguka lenyewe: idara ya uhamiaji, kituo cha viza cha Portsmouth, New Hampshire, halafu ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri, Nairobi.

Ndoa nayo huhitaji ushahidi, na unaopendwa ni picha: wawili wakiwa pamoja, wakiwa na wazazi, nyakati mbalimbali. Nyakati mbalimbali hupatikana kwa kubadilisha shati. Wazazi ni kazi ngumu zaidi. Wagusii wana chinsoni, adabu ya kuoneana haya baina ya mzazi na mtoto aliyekua, na kali zaidi baina ya mzee na mke wa mwanawe. Kwa hiyo katika picha ya familia mzee amesimama penye mgomba, anatazama barabarani. Nyamira, hiyo ni heshima. Machoni pa afisa, huyo ni mpita njia.

Hati nazo hukaguliwa. Jina lenye r kwenye cheti cha kuzaliwa na l kwenye kitambulisho huhitaji kiapo mbele ya wakili. Aliyezaliwa Nyamira kabla ya wilaya hiyo kukatwa kutoka Kisii huwa na maelezo marefu. Uchunguzi wa afya nao una picha yake, ya kifua, na hiyo huenda vizuri.

Viza ikitoka, ambaye ndoa yake haijatimiza miaka miwili siku anapoingia Marekani hupewa ukaazi wa masharti, wa miaka miwili. Katika siku 90 za mwisho wa muda huo wenzi huomba tena, wakionyesha kwamba ndoa haikuwa ya karatasi tu. Picha hutakiwa tena. Zile za Nyamira zimekwisha kutumika, na baba mkwe sasa yuko mbali kuliko alivyokuwa amesimama.